Ngome ya Lamu ilikuwa jela, leo harusi zinafanyika ndani. Tuongee kuhusu majengo ya zamani na hii simiti inayoyaua

MwanaMkomani (#1)

Assalam aleikum wakuu, na wengine wote hamjambo. Mi humu ni msomaji tu miaka yote, sijawahi kuanzisha uzi, lakini hili limenikaa kooni nimeona niliandike.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu usiku, dari ya msana wa ndani (chumba kirefu cha ndani) kwenye nyumba ya bibi yetu pale Lamu imeanguka. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia maana watoto walikuwa wamelala kwa shangazi, yaliyoangukiwa ni magodoro tu na sanduku la zamani la mbao. Nikapanda basi asubuhi. Nilipofika nikaona kitu ambacho nimeshindwa kukisahau: ncha za boriti, zile zinazoingia ukutani, zilikuwa zimekuwa kama keki iliyolowa chai, unabonyeza kidole kinaingia. Katikati ya boriti hiyo hiyo mti ni mzima kabisa, mgumu, ukiugonga unalia. Ukuta wa nje upande ule ulipigwa plasta ya simiti kama miaka kumi na tano iliyopita, tukaambiwa itadumu, na kweli ilikuwa imesimama vizuri kwa macho. Ndani yake ndo maji yalikuwa yakikaa.

Nilitoka mle nimechoka nikaenda kukaa Mkunguni, pale chini ya mti, wazee wanapiga soga, punda wanapita na mchanga, sokoni watu wanagombania bei ya samaki. Mbele yangu ngome. Nikaiangalia nikasema hii kitu imemaliza miaka 200 na nyumba yetu imeangushwa na mifuko michache ya simiti.

Sasa kwa asiyeijua, Ngome ya Lamu iko katikati ya mui (mji) kabisa, ukitoka kwenye gati unaingia ndani kidogo tu unaikuta. Ni jengo kubwa la mraba la mawe, ghorofa mbili, uwanja katikati, vyumba vimezunguka, juu kuna njia ya kutembea ukaona mapaa yote ya mji. Wengi wanaofika pale wanadhani ni ya Mreno kwa sababu wameona Fort Jesus Mombasa. Si ya Mreno. Fort Jesus Wareno waliianza 1593, hii yetu ilianza kujengwa karibu na 1813 ikakamilika 1821, na sababu yake ni vita vya Shela.

Vita vile kila mtoto wa Amu (Lamu) amesimuliwa. Watu wa kisiwa jirani cha Pate na ukoo wa Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walishirikiana waje waishike Lamu, wakashusha majeshi ufuoni Shela, watu wa Lamu wakatoka kuwakabili, na wale wavamizi walipogeuka kukimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamekaa mchangani. Waliuliwa pale pale ufukweni wengi sana. Lamu ikashinda, lakini ushindi wenyewe ukaleta hofu, maana Mazrui si watu wa kukubali, watarudi tu. Ndo wakaandika kwa Seyyid Said wa Oman wakamuomba ulinzi. Akaleta liwali na askari, Wabaluchi, na ngome ikamalizwa chini ya mkono wake. Yaani kwa ufupi tulipata ngome na tukapata mtawala kwa barua moja.

Na kitu kingine ambacho watu hawakijui, ngome ilikuwa pwani. Mawimbi yalikuwa karibu nayo. Hiyo barabara ya mbele yenye majumba ya ghorofa na maduka ni ardhi iliyojazwa baadaye, vifusi na taka za mji miaka na miaka, mpaka leo ukisimama mlangoni kwa ngome bahari iko kama mita 70 mbele na huioni kwa sababu ya nyumba.

Nitaendelea kwenye jela, ngoja nile kwanza.

BintiForodhani (#2)

Pole sana kwa nyumba kaka. Na hizo boriti ulivyozieleza ndivyo zilivyokuwa za kwetu Mkunazini, Zanzibar. Endelea, niko hapa nimekaa mkao wa kula.

Mbara001 (#3)

Mkuu pole na yaliyokupata ila niulize swali moja bila ubaya. Kama ni ngome ya sultani, kisha jela ya mkoloni, tunaihifadhi ya nini? Mi kwetu tulikuwa na jengo la DC wa kizungu, babu zetu walichapwa viboko pale, lilipobomolewa hakuna aliyelia. Pesa hizo si zijengwe zahanati? Sisemi kwa ubishi nataka kuelewa.

MwanaMkomani (#4)

Mbara001 swali lako ni la haki na nimelisikia hata kwa vijana wa Lamu wenyewe, ngoja nimalize historia maana jibu limo humo humo.

Waingereza walipoingia, askari wa sultani wakatoka, na kuanzia 1910 ngome ikawa jela. Ikakaa jela mpaka 1984! Piga hesabu, hiyo ni miaka 74, na 21 ya mwisho ni sisi wenyewe tumeshapata uhuru. Babu yangu mzaa mama alikuwa akifanya biashara ya nazi pale pembeni sokoni, na alikuwa akituambia kwamba enzi hizo watu wakipita Mkunguni hawainui macho kuelekea mlangoni. Si kwamba wanapigwa, hapana, ni haya tu. Unaweza kuinua macho ukamkuta mtoto wa jirani yako anatolewa na ndoo akachote maji, na yeye amekuona, na wewe umemuona, na kesho mama yake utakutana naye msikitini au dukani utamwambia nini. Kwa hivyo jengo kubwa kuliko yote katikati ya mji wetu lilikuwa ni kitu ambacho mji mzima haukitazami. Hilo mimi huwa naliwaza sana.

1984 wafungwa wakahamishwa, ngome ikakabidhiwa Makumbusho ya Kenya, ikakarabatiwa kwa msaada wa Waswidi, na badala ya kuifanya kitu cha mtalii peke yake wakaifanya ya watu wa mji. Kuna maktaba ndani. Watoto wa shule wanaingia kusoma. Kuna mikutano, maonyesho, na harusi, watu wanakodi uwanja wa kati wanafanya sherehe zao usiku taa zimewashwa juu ya kuta. Dada yangu mdogo sherehe yake ilikuwa mle. Babu alikuwa bado hai, alikuwa mzee sana, tulimuingiza taratibu kwa mlango ule ule. Alisimama pale kati, akainua macho akazunguka nayo kuta zote nne kimya kimya. Halafu akauliza maji ya kunywa yako wapi. Hakusema kitu kingine lakini mimi niliona.

Sasa Mbara001, lile jengo lenu la DC lingepewa watu wa mtaa wakaligeuza vile wanavyotaka, lile lile ambalo babu zenu walichapiwa viboko, leo wajukuu wangekuwa wanasomea pale. Mi sisemi kila ukuta wa mkoloni uwekwe. Nasema ukibomoa huwezi tena kuchagua.

Mbara001 (#5)

Nimekuelewa. Hiyo ya babu imenigusa. Letu limeshakuwa kituo cha mabasi basi tena, halina cha kuchagua.

Dunda_Bwagamoyo (#6)

Heshima kwako mleta uzi. Mimi nipo Bagamoyo, nataka niongezee la kwetu huku kwa sababu watu wengi Tanzania hawajui sheria inasemaje, wanasubiri serikali ije ilinde kitu ambacho kisheria hakijalindwa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Ile sheria inasema jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa lenyewe moja kwa moja, halihitaji mtu alitangaze. La baada ya hapo mpaka litangazwe. Sasa chukua Bagamoyo. Ngome Kongwe yetu ni ya 1860, ilijengwa na Mwarabu, ikaja ya sultani, Mjerumani akaichukua, Mwingereza naye akafungia watu, hiyo imepona kwa miaka mitatu tu! Njoo kwenye Boma la Mjerumani, la 1897, liko nje ya mstari. Nyumba za Mtaa wa India zenye milango ya nakshi, nyingi ni za miaka ya 1880 na kuendelea, nje ya mstari. Shule ya ghorofa aliyoijenga Sewa Haji, yule Mhindi tajiri aliyeikodishia misafara wapagazi, akataka isomeshe watoto bila kubagua rangi, nje ya mstari. Ndo maana kutangazwa kwa mji mkongwe mzima kuwa eneo la hifadhi kulikuwa na maana kubwa, vinginevyo ungeweza kulibomoa jengo la mwaka 1864 ukajenga fremu za maduka na hakuna kifungu cha kukushika.

Na kumbuka hapa ndipo palikuwa makao makuu ya Mjerumani mpaka 1891 alipohamia Dar. Makao makuu yalipoondoka na pesa ikaondoka, na kwa namna fulani umaskini ule ndio uliotuhifadhia mji, maana hakuna aliyekuwa na hela ya kubomoa na kujenga upya. Sasa hivi hela inakuja. Viwanja vinapanda bei kila mwaka. Hapo ndo naogopa.

BintiForodhani (#7)

Dunda umesema kweli tupu, umaskini ulihifadhi. Zenji hivyo hivyo.

Ila mimi nataka kusema jingine. Nyie mnaongea kubomolewa, sisi letu halikubomolewa na mtu, lilianguka lenyewe. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani hapa Zanzibar. Limejengwa 1883 na Sayyid Barghash, lina nguzo za chuma, ndilo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Mabomu ya Mwingereza 1896 yalipiga kasri iliyo pembeni yake ikavunjika, Beit al-Ajaib likabaki limesimama. 2012 ikaanguka sehemu ya baraza. Watu tukasema sasa litashughulikiwa, likafungwa, kukawa na mipango, mazungumzo, ufadhili, miaka inakwenda. 25 Disemba 2020 mchana, wako kwenye ukarabati wenyewe, upande mzima wa mbele ukaporomoka na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili wakafa.

Mimi siku ile nilikuwa Forodhani na mwanangu. Ule mlio sitausahau, kwanza nilidhani ni lori limemwaga mawe. Kisha vumbi. Vumbi jeupe la chokaa likaja mpaka kwenye bustani, watu wamesimama na mishikaki mikononi hawali, vichwa vimejaa unga mweupe wote, wakubwa kwa watoto, kama mahujaji. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa akilia kwa sauti na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Kwa hivyo kaka MwanaMkomani, ulivyoandika kwamba ngome ya Lamu watu wanaingia, watoto wanasoma, harusi zinapigwa, mimi ndo nimesoma hapo mara mbili. Jengo la watu likivuja Jumatatu, Jumanne mtu ameshaona tone kwenye kitabu amepiga kelele. Jengo lililofungwa kufuli kusubiri ufadhili likivuja linavuja miaka minane.

MwanaMkomani (#8)

Subhanallah. Mungu awarehemu wale wawili. Dada umelieleza nililokuwa nalitafuta maneno. Ngome tangu 1821 haijawahi kukaa bila watu ndani kwa muda mrefu, kwanza askari, halafu wafungwa, halafu sisi. Hata jela, kwa ubaya wake wote, walikuwa wakiziba mapaa na kupaka chokaa. Fort Jesus nayo ilikuwa jela mpaka 1958 nayo imesimama.

kaskazini_tu (#9)

Nyote mnaongea simiti simiti, mimi ni mjenzi wa bara huku na sijaelewa. Simiti ndo nguvu. Chokaa ni laini, unaikwangua na ukucha. Inakuwaje kigumu kinaua na laini kinaponya? Mnielimishe.

UkutaWaChokaa (#10)

Kaskazini ngoja nikujibu mimi, nimefanya kazi hii ya kukarabati mawe tangu kijana, nimeanza kwa kubeba maji na kuchekecha chokaa, nimefanya Lamu, nimefanya Mombasa Mji wa Kale, nimefika na Pemba.

Ukuta wetu wa pwani si kama wa matofali yenu. Ni mawe ya matumbawe, na matumbawe yana matundu, yananyonya maji kutoka chini kwenye ardhi na kutoka kwenye hewa ya bahari, na maji hayo yana chumvi. Huwezi kuuzuia ukuta huo usinywe maji. Wazee walijua hivyo, hawakuuzuia, walichofanya ni kuupa njia ya kuyatoa. Chokaa inapumua. Maji yanaingia usiku, jua linawaka, yanatoka kupitia plasta, chumvi inabaki juu juu kama unga, unafagia, mwaka wa tatu au wa nne unapaka tena chokaa yamekwisha. Plasta inakufa badala ya ukuta, na plasta ni rahisi.

Sasa weka simiti. Umeufunga mdomo ukuta unaokunywa. Maji yanapanda, yakifika kwenye simiti hayatoki, yanapanda tena juu zaidi kutafuta njia, mpaka yanafika kwenye ncha za boriti, na boriti ndo zinakuwa kama mleta uzi alivyosema, keki. Na simiti haifuati ukuta, ukuta wa chokaa unacheza kidogo na joto na baridi, simiti haichezi, inapasuka ufa mwembamba kama unywele, mvua ikija inaingia kwa ule ufa na haitoki tena. Nje unaona pazuri. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia kama unagonga debe. Ukisikia hivyo ujue simiti imeshaachana na ukuta na nyuma yake kuna chumvi.

Boriti nazo si mbao za kawaida, ni mkoko. Lamu wanazipanga kwa unene, kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kuna boriti, kuna nguzo na kuendelea, kila moja na kazi yake. Na ndo maana vyumba vya Waswahili vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 2.5 au 3 kasoro, huwezi kupata boriti nzuri ya kupita zaidi ya hapo bila kupinda. Mti umeamua ukubwa wa chumba. Juu ya boriti unapanga mawe mepesi, juu ya mawe unamwaga sakafu, chokaa na kokoto, kisha inapigwa. Zamani kupiga sakafu ilikuwa kazi ya watu wengi na nyimbo, wanaume kwa wanawake wamekaa mstari wana vijiti vya mbao wanapiga siku mbili tatu mpaka imekaza. Nilishuhudia nikiwa mtoto mara moja tu.

kaskazini_tu (#11)

Aisee. Nimefunguka macho. Kwa hiyo chokaa ya mfuko ya dukani inafaa?

UkutaWaChokaa (#12)

Kwa kupaka rangi nyeupe sawa. Kwa plasta ya ukuta wa zamani bora ya shimoni. Wanachoma mawe kwenye tanuu, magogo yamepangwa duara kubwa mawe yako juu, yanawaka usiku kucha, yakipoa yanapigwa maji yanapasuka yenyewe yanakuwa unga, kisha unaiweka shimoni na maji juu yake iive. Miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Mchanganyiko mimi natumia chokaa 1 mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufukweni maana utakuwa unaupakia ukuta chumvi mwenyewe kwa mkono wako. Lowesha ukuta kwanza. Piga nyembamba, iache, piga nyingine. Funika na magunia mabichi isikauke haraka. Mwenye nyumba akikuambia anahamia Ijumaa mwambie atafute fundi mwingine.

Mbara001 (#13)

Swali la pesa sasa. Hii yote si ghali kuliko simiti?

UkutaWaChokaa (#14)

Ukihesabu mwaka mmoja ni ghali. Mfuko wa simiti unaupata kila duka, chokaa ya shimo mpaka uagize, na mafundi tumebaki wachache. Boriti nazo zikawa shida zaidi 2018 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti, na mikoko ya Lamu ikaingia humo, wakataji wakakaa bila kazi na sisi tukakaa na madari yametobolewa tunasubiri mti. Mimi siungi mkono kukata ovyo, mikoko ndo ukuta wa bahari. Lakini wakataji wa Lamu wamekata kwa karne nyingi na mikoko bado ipo, wangekaa nao chini kwanza.

MwanaMkomani (#15)

Fundi nashukuru sana, yaani umenieleza nyumba yetu bila kuiona.

Nikuongezee na hili la watu. Lamu iliingizwa urithi wa dunia 2001, na ni haki, hakuna mji wa Kiswahili uliohifadhika kama ule. Lakini kukarabati nyumba ya mawe kwa njia sahihi ni pesa nyingi, na familia nyingi za Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za mawe, nyumba ni ya urithi, ina warithi kumi na wawili, wawili wako Mombasa, mmoja Jeddah, hawakubaliani nani atoe, basi anakuja mnunuzi kutoka Ulaya anatoa pesa taslimu anaichukua. Anaikarabati vizuri, hilo siwezi kumnyima, zidaka zote (vile vishubaka vya ukutani) zinarudi, chokaa safi. Halafu anakaa mle mwezi mmoja kwa mwaka na iliyobaki nyumba iko kimya. Wenyewe waliouza wamejenga Kashmir, mtaa mwingine wa Lamu, nyumba ya tofali na mabati. Ukipita vichochoroni usiku zamani ulikuwa unasikia watoto wanasoma Qur'ani kila daka (baraza ya mlangoni), sasa kuna vichochoro unasikia nyayo zako tu.

Ndo maana naipenda ngome. Ni jengo ambalo haliwezi kuuzwa na mtu yeyote, mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi wanakaa meza moja kwenye maktaba. Kitu nachotaka kuona ni kwamba ujuzi ule uliotumika kuikarabati usiishie kwenye kuta zake. Pale ndani kuna nafasi, kuna uwanja, kuna wazee mafundi wangali hai mtaani. Vijana wafundishwe mle chokaa, boriti, sakafu, nakshi, mwenye nyumba akiwa na shida aende pale aulize bure kabla hajamwita mtu wa simiti. Sisi hatukuwa na wa kumuuliza. Mama alimuuliza jirani, jirani akamuelekeza fundi aliyemjengea duka, fundi akafanya anachokijua. Sina kinyongo naye, ni kijana alitafuta riziki yake, hakuna aliyemfundisha.

Dunda_Bwagamoyo (#16)

Hilo la kufundishia mafundi ndani ya jengo lenyewe nimelipenda. Huku tuna chuo cha sanaa, TaSUBa, wanafundisha ngoma, uchongaji, maigizo. Mawe na chokaa vingeingia hapo bila shida yoyote. Nitaliongea na watu ninaowafahamu.

mpita_njia77 (#17)

Uzi mzuri sana huu. Mi nimezaliwa Lamu nimekulia Nairobi, sijawahi kuingia ngome hata siku moja, nikienda naishia kwa shangazi na ufuoni. Nimeona aibu kidogo kusema kweli. Kiingilio kwa wananchi kipo?

MwanaMkomani (#18)

Kipo kiingilio cha makumbusho, kwa mwananchi ni nafuu kuliko mgeni. Na usione aibu, wengi tuko hivyo. Ukienda usikimbilie vyumba vya maonyesho. Panda ngazi mpaka juu kabisa saa za alasiri, geukia upande wa soko. Utaona Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, unavyopinda chini yako na watu wanavyotoka madukani, na upande mmoja mawe meupe ya Mkomani, upande wa pili makuti ya mtaa wa Langoni, au yaliyobaki maana mengi sasa ni mabati. Kisha weka kiganja chako ukutani. Utaona ni wa baridi hata jua liwake vipi.

BintiForodhani (#19)

Na nyumba ya bibi mmeamuaje?

MwanaMkomani (#20)

Samahani nilipotea, nilikuwa huko huko.

Warithi tulikaa kikao cha simu, kelele nyingi, mmoja anataka tuuze. Mama akasema yeye yuko hai na nyumba haiuzwi akiwa hai, ikaisha hapo. Tumekubaliana kila mtu atoe kidogo kila mwezi, wa Jeddah ametuma wa kwanza Mungu ambariki.

Tumefuata alivyosema fundi hapo juu, nimempata mzee mmoja wa Langoni anajua kazi, ana wajukuu wawili anaowafundisha. Tulianza kubandua simiti upande wa kisima, kwa patasi ndogo na nyundo, yeye hataki kabisa mashine inayotikisa. Kipande cha kwanza kilichotoka kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati, kikaanguka kizima, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa rangi ya chai, halafu chumvi ikamwagika chini kama mtu amepasua gunia la sukari. Mjukuu mdogo akaionja. Mzee akacheka, akasema hiyo ni bahari ya miaka kumi na tano.

Amesema ukuta uachwe wazi bila kupakwa chochote mpaka kaskazi ipite ukauke kwanza, ndo aanze plasta. Boriti saba zinahitajika, tumepata nne. Chokaa iko shimoni tayari, nimeimwagia maji mwenyewe juzi.

UkutaWaChokaa (#21)

Kaskazi ni sawa kabisa, asikubali haraka. Boriti zikifika usizizibe ncha zote na chokaa, muambie aache nafasi ya vidole viwili nyuma ya kila ncha hewa ipite. Na zile tatu zilizobaki nitumie ujumbe pembeni, kuna mtu namfahamu kisiwani Ndau.